Panya Mwenye Mkia wa Buluu

Juzi mjukuu wangu karudi kutoka soko la Mwanga na gundi ya panya, ile inayopakwa juu ya kipande cha boksi. Asubuhi tukamkuta panya kanasa miguu yote, analia. Nikamwambia, "Hiyo usiitege tena, mama. Niletee ndoo, gunzi la muhindi na mawese kidogo." Akacheka, akadhani nataka kupika. Ndipo nikamkumbuka Mama Fidesi na nyumba yetu ya Ujiji.

Miaka ile nikiwa mtoto, watu wa Burundi walikuwa wakikimbia vita na kuingia kwa mitumbwi, wanashukia Kagunga mpakani na kuteremka na ziwa mpaka kwetu. Mama Fidesi alifika na mtoto mgongoni na sufuria moja. Bibi yangu akampa chumba cha uani, lakini imani hakumpa. Bibi alikuwa mtu wa kufunga kabati hata akienda chooni. "Mgeni mkaribishe," alikuwa akisema, "ila ufunguo ukae kiunoni."

Panya tulikuwa nao. Darini mahindi, jikoni dagaa wakavu, wangekosaje? Bibi alitega mtego wa chuma, ule wa kufyatuka. Nikiwa nakunywa uji nasikia pa, na hamu ya uji inaniisha hapo hapo. Kutega kwenyewe kulifanywa kimya, maana kwetu mtego hautajwi kwa sauti. Panya husikia, na akisikia atakutafunia kanga zako mpya kwa hasira. Tulisema tu, "wale wa juu."

Siku Fidesi alipotambaa akakaribia kutia kidole kwenye ule mtego, mama yake akaomba atege kwa namna yake. Akachukua ndoo yetu, akapitisha waya katikati ya gunzi, akaulaza juu ya mdomo wa ndoo, gunzi akalipaka mawese. Panya akilikanyaga linazunguka, naye yuko chini, mzima. Asubuhi akaifunika kwa kitambaa akatoka nayo kwenda kumwachia kwenye michikichi nyuma ya nyumba. Bibi akamuuliza kwa nini hamuui.

"Damu nimeona ya kutosha, bibi."

Bibi akasema, "Haya." Tulipoingia ndani akaniambia, "Watu husema mengi."

Tena yule mama alikuwa akiongea nao. Anainamia ndoo, "Bwakeye," anamwamkia panya kwa Kirundi, mchana kweupe, kila mtu anasikia. Bi Tatu, jirani yetu muuza dagaa, akachungulia juu ya ua wa matete na kuyaona yote hayo. Gunia lake la dagaa lilipotobolewa na panya, akaja kajifunga kanga kiunoni.

"Shoga, mpangaji wako anakamata panya hamuui. Anampeleka wapi?"

"Michikichini."

"Ulimfuata ukaona? Asiyeua panya anamtuma. Mimi nakwenda kwa mjumbe."

Tulijua maana yake. Mjumbe wa nyumba kumi akiletewa habari za uchawi, Mama Fidesi angepandishwa lori la kambini, na kambini tuliambiwa watu wanalala chini ya turubai. Fidesi alikuwa na kifua, anakohoa mpaka anatapika.

Bibi akaomba Bi Tatu angoje kidogo. Asubuhi iliyofuata, Mama Fidesi akiwa kisimani, Bibi akamshika panya wa ndoo kwa kitambaa, akaniambia nikoroge buluu ya kufulia. Tukauchovya mkia. "Huyu akionekana kwa Tatu," akanong'ona, "mgeni wetu ana lake."

Mama Fidesi akatoka na ndoo kama kawaida. Aliporudi alisimama mlangoni.

"Bibi, mkia wake nani kaupaka?"

Bibi akajifanya anapepeta mchele. Mama Fidesi akageuka, akaenda uani. Akaiosha ndoo, akaipangusa.

Kulipokucha chumba cha uani kilikuwa kitupu, kimefagiwa. Mjumbe akatuambia yule mama kaja mwenyewe alfajiri, kapanda lori na mtoto wake, hakumsema mtu. Ndoo ilikuwa mlangoni kwetu, imetegwa, gunzi limepakwa mawese. Ndani kitu kinakwaruza. Bibi akaita, "Tatu, njoo uone."

Wakainama wote wawili. Mkia wa buluu. Yule panya hakwenda kwa mtu, karudi kwake, darini kwetu.

Bi Tatu akajifunga kanga upya. "Basi michikichi iko karibu mno," akasema, akaenda zake. Bibi akaifunika ndoo, akaibeba mwenyewe, mimi nyuma, tukavuka michikichi na kijito mpaka kwenye mapori. Alipomwachia alisema kitu kwa sauti ndogo. Nafikiri ilikuwa "Bwakeye."

Ule mtego wa chuma haukutegwa tena. Leo michikichi imekatwa, ua wa matete umekuwa ukuta wa tofali, na Bi Tatu na Bibi wamelala makaburini, Mungu awarehemu. Niulize jina la mtu yeyote wa mtaa ule nitakutajia, na la baba yake. La yule mama silijui. Fidesi ni jina la mtoto. Mama mwenyewe alikaa kwetu masika yote, na hakuna aliyemuuliza anaitwa nani.