Bomba la Moshi Kando ya Ukuta wa Owiti

Elmina hakuwa mtu wa kuamini haraka. Zamani, alipokuwa akichuma chai katika mashamba ya Kericho, alizoea kusimama karibu na mizani na kusoma kilo zake mwenyewe, karani apende asipende. Alipoolewa Chepilat na kufungua kibanda cha kushona nguo, tabia hiyo alihama nayo. Gunia la makaa alilimwaga lote chini kabla ya kulinunua, na kanisani aliubana mkoba wake katikati ya miguu hata wakati wa maombi. Mumewe, Ondieki, alimcheka sana kwa hayo. Kisha kiharusi kikampiga Ondieki, kikamlegeza upande wa kulia, na kicheko kikapungua nyumbani.

Daktari aliwaambia maji ya moto yatamsaidia kulegeza misuli. Asubuhi za huko zina baridi ya kuuma, na Elmina alishachoka kuchemsha sufuria baada ya sufuria, kwa hiyo mtoto wao Sagini akawanunulia hita ya gesi. Fundi mmoja aitwaye Zack aliifunga katika stoo ndogo inayopakana na bafu, akapitisha bomba la moshi darini mpaka nje ya paa, akaliziba pembeni kwa mpira ili mvua isipenye. Muda wote huo Elmina alisimama chini ya ngazi akiuliza hiki kinaenda wapi na kile ni cha nini. Zack akamweleza kwamba gesi ikiungua hutoa hewa chafu ambayo huioni wala huinusi, na hewa hiyo isipotoka juu inaweza kuua watu ndani ya nyumba. Bomba lilifanya kazi yake vizuri kwa muda mrefu.

Ndipo jirani yao akaanza kujenga. Owiti alikuwa mfanyabiashara wa samaki aliyetoka upande wa ziwa, na ghorofa yake ilipanda pembeni kabisa mwa nyumba ya Elmina, ukuta ukapita paa na kuziba jua la asubuhi. Alikuja mwenyewe kuomba radhi kwa vumbi. Tangu siku hiyo akawa anamletea Ondieki supu ya samaki, anakaa naye barazani wakizungumza habari za mpira. Elmina aliwatazama kupitia dirisha. Mtu anayekujengea ukuta puani, kisha anakuletea supu, anatafuta nini?

Siku hizo hizo Ondieki akaanza kuugua. Kichwa kilimgonga, akatapika, akalala kama gunia. Ikifika jioni anapata nafuu, kisha siku nyingine tena. Si kila siku, na hilo ndilo lililomtisha Elmina zaidi, kwa sababu Owiti pia hakuja kila siku. Hospitalini walipima presha na kubadilisha dawa. Elmina akawa anapokea supu kwa shukrani na kuimwaga nyuma ya choo. Ondieki akaendelea kuugua. Shaka yake haikuisha, ilihama tu: labda kuna kitu kilichofukiwa chini ya ukuta ule. Alimnong'oneza Nyabate, mwenzake wa kanisani, habari za supu na za ukuta, na Nyabate hakuwa mtu wa kuweka siri.

Asubuhi moja ya mvua na upepo mkali Elmina alifunga dirisha la bafu na mlango wa nje wa stoo ili baridi isimpige mzee. Alimwosha taratibu. Mara kichwa chake mwenyewe kikaanza kumgonga, kizunguzungu kikamshika, na alipomtazama Ondieki akamwona ameinama kwenye kiti cha plastiki, hajibu. Hakujua alipata wapi nguvu. Alimburuta mpaka barazani, wakakaa pale wakipigwa na manyunyu hadi Ondieki akafungua macho na kuomba blanketi.

Owiti alikuwa Kisumu tangu jana yake. Supu haikuwapo. Walichoshiriki Elmina na mumewe asubuhi hiyo ni bafu tu.

Elmina alifunga gesi kwenye mtungi, akampigia Zack simu, na safari hii akamshuku yeye. Zack alipofika alifungua madirisha na milango yote kwanza. Kisha akawasha hita kidogo na kusogeza kipande cha gunia kinachofuka moshi chini ya mdomo wa bomba. Moshi ulipaswa kuvutwa juu. Ulisita, ukajikunja, ukarudi ndani. Akazima, akapanda juu ya paa, akashuka akifuta mikono.

"Bomba ni lile lile, mama," alisema. "Ukuta ndio mgeni. Upepo ukivuma unaugonga, unashuka, unasukuma hewa chafu irudi ndani ya nyumba."

"Kwa hiyo ni Owiti."

"Ni ukuta wake. Yeye hangejua."

Dawa yake, Zack alieleza, ilikuwa kuliinua bomba lipite kilele cha ukuta, kulivika kofia ya kuzuia upepo, na kutoboa tundu la hewa chini ya mlango wa stoo, lisizibwe kamwe. Lakini bomba refu namna hiyo haliwezi kusimama peke yake. Lingehitaji kushikizwa kwenye ukuta wa Owiti.

Elmina alikwenda mwenyewe. Owiti alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama ni kweli Elmina alimwambia Nyabate kwamba yeye Owiti anampa mzee sumu.

"Nilisema," Elmina alijibu. "Na supu nilimwaga."

"Mimi nilileta supu kwa sababu nilikuogopa, Mama Sagini. Nilidhani utanishtaki kwa kuziba jua lako." Alitazama viatu vyake. "Fungeni hilo bomba ukutani kwangu. Lakini kwako sileti chakula tena. Mzee akishikwa na homa kesho, itasemwa ni mimi."

Elmina akaenda kumwita Zack.

Bomba liliinuliwa, Zack akarudia kujaribu, moshi ukapanda wote. Hita haikuwashwa tena madirisha yakiwa yamefungwa. Maumivu ya kichwa yakaisha, na Ondieki akaanza kujifunza kutembea kwa mkongojo. Alasiri moja, bila kuaga, alitoka langoni akielekea dukani kwa Owiti, chini ya ghorofa ile. Elmina aliacha cherehani, akasimama akimfuata kwa macho. Alimwona Owiti akitoa kiti nje, akimshika mzee mkono ili akae. Walichozungumza hakukisikia. Alirudi kwenye kazi yake, akakigeuza kiti chake kielekee mlangoni, apate kuwaona.