Makala ya mwalimu wa kwaya ilivyofutwa: hivi nani apewe rungu la kufuta?

Wakuu, heshima zenu. Hii haina chumvi, mashahidi wapo hapa Fridley, huku ughaibuni.

Miaka ya nyuma nilinogewa kuandika kwenye ile ensaiklopidia ya mtandaoni ambayo kila mtu anaweza kuongeza kitu. Natoka job, napika chai, naandika.

Kanisani tuna mama mmoja Mkongo, Mama Furaha. Akaniomba nimwandike marehemu baba yake, aliyefundisha kwaya kwenye kambi ya wakimbizi miaka na miaka. Binti yake Furaha anasikia Kiswahili ila anajibu Kiingereza, na babu yake hakumkuta hai.

Mama akaniambia, "Akitafuta jina ya papa yangu kwa internet, apate kitu."

Nikaandika. Haikukaa hata kidogo, admin mmoja akaibandikia tangazo: ifutwe, haina vyanzo. Ukafunguliwa ukurasa wa mjadala, watu waseme ibaki au ifutwe.

Mama Furaha akaniuliza, "Ule mutu mwenye kufuta, alijua papa?"

Swali lake nikalipeleka kanisani, wakuu.

Sasa si mnatujua sisi na misiba. Jumapili baada ya ibada watu wakapanga foleni kwenye kompyuta ya kanisa kama wanatoa rambirambi. Kila mmoja anafungua akaunti, anaandika "Ibaki", halafu ushuhuda. Mmoja alifundishwa sauti ya tatu. Mwingine akaandika kwamba mwalimu alizika mtoto wake asubuhi, jioni akaja mazoezini.

Weee! Akaunti zote zikafungiwa! Kumbe kwa vile internet ni moja, wakadhani ni mtu mmoja anajipigia kura. Nilicheka, kisha nikakasirika kwelikweli.

Nikamwandikia yule admin. Mstaarabu tu. Akawafungulia watu, ila akasema ushuhuda si chanzo, kitabu au gazeti liko wapi? Na ana hoja, maana bila hivyo kesho kila mtu anajiandikia uongo wake. Makala ikafutwa.

Nikaenda kwa Mama Furaha nikiwa mnyonge. Nikamkuta Furaha kainamia simu. Kumbe makala ikifutwa, mjadala wa kuifuta unabaki! Alitafuta jina la babu, akaangukia pale. Anasoma Kiswahili kwa sauti, akikwama mama anamsaidia.

Nilichojifunza: mfutaji lazima awepo, ila kwanza awasikilize waliomjua mtu. Au nakosea? Nyie mngempa nani rungu? Mwageni maoni.

Mimi akili yangu bado iko sebuleni pale. Furaha alipofika kwenye ule ushuhuda wa mazishi, aliinua kichwa akauliza, kwa Kiswahili, "Mama, huyo mtoto alikuwa nani?"

"Kaka yangu."