Bare ya Kamiyo ya Jeshi

Mume wangu aliipenda kamiyo ile kuliko alivyonipenda mimi, na maneno hayo nilimwambia mbele ya mama yake. Ilikuwa lori kuukuu la jeshi, rangi ya kijani bado imeng'ang'ania milangoni. Aliitumia kubebea mihogo na maharagwe kutoka Lulimba hadi kwetu Baraka, ambako mimi nauza ndakala, dagaa wetu wa ziwani, sokoni. Injini ilipomfia huko juu, kabla ya miteremko ya kushukia Fizi, hakuiacha. Dereva wa njia ile haachi gari porini. Ukiliacha jioni, asubuhi unakuta mifupa. Akatandika turubai chini yake, akalala, akanitumia habari kwa mtu wa pikipiki.

"Mama, bwana yako anasema utafute bare. Kamba hapana. Kamba itamuua ku muteremuko."

Nilimwelewa. Breki za kamiyo ile zinasukumwa na upepo wa injini, na injini ikifa breki zinabaki pambo. Ukivutwa kwa kamba, wa mbele akipunguza mwendo unamwingia mgongoni, au unatupwa korongoni. Bare ni chuma kigumu chenye miguu miwili upande mmoja na pete upande wa pili. Kinafunga magari mawili pamoja, breki za moja zikayashika yote mawili. Rafiki yake mwenye lori alikuwa tayari kumvuta. Kilichokosekana ni chuma tu.

Nilizunguka Baraka nzima. Mafundi walinionyesha kamba, minyororo, na bomba jembamba ambalo hata mbuzi angelipinda. Wote walinielekeza kwa mzee mmoja aliyekuwa akifumua magari ya jeshi, mwenye bare yenyewe hasa. Nilipofika nikakuta mikeka imetandikwa uani na wanawake wanalia. Mzee alikuwa amezikwa jana yake.

Bare niliiona. Ilikuwa imeegemea ukuta, nyuma ya wapishi. Nikamwendea kaka wa marehemu, nikatoa pole, kisha nikasema shida yangu.

"Mama, kitu ya marehemu haitoke ku mulango mbele ya kumaliza matanga. Ni desturi yetu."

"Baba, bwana yangu iko mu pori."

"Najua. Lakini bwana yako iko muzima. Wetu ndiye alikufa."

Nilikasirika, lakini kwetu anayetaka kitu katika nyumba ya msiba hukaa akalia na wenyewe. Nikakaa. Nilitwanga majani ya muhogo ya sombe, nikachota maji, nikamlilia mtu ambaye sikumjua, macho yangu yako ukutani.

Mtu wa pikipiki akarudi, akanikuta palepale jikoni.

"Bwana yako iko na homa kidogo, mama. Anaomba dawa. Lakini anauliza sana bare."

Nikampa vidonge na unga wa uji. Alipokuja tena alisema homa ingali ileile, kidogo tu. Nikatuma vidonge vingine, nikatuma na blanketi. Kila mara jibu lilikuwa moja: bare iko wapi?

Matanga yalipoondolewa, kaka wa marehemu aliibeba bare mwenyewe hadi barabarani, akaniombea njia njema. Sina kinyongo naye. Tuliifunga kwenye pikipiki kwa mipira, imekingama kama msalaba, nami nikakaa juu yake hadi kule juu, kila shimo likinipiga mifupani.

Mume wangu alisimama aliponiona, akashika mlango. Macho yalikuwa ya njano, midomo imepasuka. Hakuniuliza habari za watoto. Aliishika bare, akaipapasa pete yake, akatabasamu.

Kuifunga nako kulikuwa na kazi. Miguu yake iliingia vizuri katika masikio mawili ya bampa ya mbele, ila pini za kuishika hazikuwepo. Zilibaki kwa marehemu, au zilipotea kabla yetu sote. Rafiki yake, aliyekwisha kufika na lori lake, akaomba mtaimbo kwa wachimba dhahabu waliokuwa wakipita, akaukata vipande kwa msumeno wa chuma, akavigonga na kuvikunja ncha ili visiruke. Mume wangu aliketi chini akielekeza kwa kidole. Nikamwambia alale, rafiki yake atafute mwingine wa kushika usukani.

"Usukani ya hii kamiyo inajua mikono yangu," akasema. "Panda tuende."

Nikapanda kando yake. Kwenye miteremko alitetemeka hivi kwamba niliushika usukani pamoja naye, mikono yangu juu ya yake, na yake inaunguza. Bare ililia kila kona lakini haikuteleza. Tuliingia Baraka bila mkwaruzo, watu wakapiga makofi, naye akapunga mkono.

Hospitali walisema malaria imeshapanda kichwani. Alikufa kabla ya Jumapili.

Watu hunipa pole kwa ubovu wa barabara, kwa gari bovu, kwa msiba uliotuchelewesha. Wengine husema mficha maradhi kilio humuumbua, nami huwaacha waseme. Lakini yule wa pikipiki alikuwa akishuka kwangu na kupanda kwa mume wangu, na kila aliposhuka, kiti cha nyuma kilikuwa kitupu. Mimi nilikifungia vidonge, unga, blanketi. Sikumwambia, wala mume wangu hakumwambia, kwamba kinatosha mtu mgonjwa.