Maji ya Kuwashia Lori

Jirani yangu akiwasha gari lake kuukuu asubuhi za baridi, harufu ya petroli mbichi huingia ndani, nami hufunga dirisha kwa kishindo.

Nilipokuwa mtoto, asubuhi moja Newala ilikuwa na ukungu, na lori la mjomba lilikataa kuwaka. Alivuta choki, akazungusha hendeli ya kuwashia injini mpaka akachoka.

"Dada, kabureta ina baridi," akamwambia mama. "Nipe maji ya moto."

Tulikuwa na ndoo moja tu ya maji, ambayo mama aliyateka bondeni na kupanda nayo mlima. Aliyachemsha yote, kwa sababu mjomba alikuwa ameahidi kumpeleka bibi, mama yao, hospitali ya Masasi. Niliyabeba mwenyewe. Mjomba alilowesha matambara, akayazungushia kwenye kabureta, pale petroli inapochanganyika na hewa. Injini ikakohoa, kisha ikanguruma.

Bibi alikuwa ameshakaa mlangoni, amejifunga blanketi.

"Ngoja nilizungushe kidogo barabarani kwanza lipate moto," mjomba akasema, "lisije likatuzimikia njiani."

Tulilisikia lori likishuka barabara ya Masasi, likiunguruma vizuri, mpaka sauti ikapotea.

Jua lilipopanda, lori halikuwa limerudi, na bibi bado alikuwa mlangoni. Akaomba maji ya kunywa.