Salamu za Magoti

Juzi hospitalini nilimwona nesi akimpimia mgonjwa morfini, ile dawa ya maji ya kijani ya kutuliza maumivu, nikamkumbuka mama.

Nilikuwa bado mtoto. Shangazi alikuwa amekuja kutoka Dabani, na mama akamsalimia akiwa kitini. Kwetu mke humpigia wifi yake magoti. Nilitamani ardhi inimeze.

“Siku hizi salamu iko ya kukaa?” shangazi aliuliza.

Mama alinituma nilete chupa ya maji ya kijani iliyokuwa nyuma ya mtungi. Akanywa kidogo, tukangoja, harufu ya dagaa wa mukene ikitoka jikoni. Kisha akashuka polepole, akapiga magoti.

“Karibu, wifi.”

Nilidhani dawa ile hutibu kiburi. Sikujua alikuwa na saratani ya ovari. Nafuu yake ya mchana ule aliimalizia sakafuni, nami nikafurahi kwamba hatimaye ameshika adabu.