Sinema Iliyomkata Babu Kauli

Nakumbuka vizuri Jumapili moja hapa Rhotia, mwanangu, tulipotoka kanisani tukaenda moja kwa moja ghalani kugombana na sinema.

Sicheki bure. Juzi ulirudi kutoka Karatu mjini umenuna, hata shikamoo yako ilitoka puani. Nikadhani kuna msiba. Kumbe ni tamthilia ya kwenye simu, mwisho wake haukukupendeza, na ukakaa kibarazani unamwandikia matusi binti aliyeitunga. Nilikuchungulia begani, ndiyo, macho bado ninayo. Nilijiona mimi mwenyewe katika umri wako, na mimi ulimi wangu ulikuwa mkali kuliko huo wako. Haya, chukua chai yako, uketi.

Kulikuwa na kijana wa hapa hapa, Elibariki, mtoto wa jirani yetu. Alikuwa mpishi wa safari, akiwapikia watalii kambini huko juu kwenye kreta ya wanyama, na kwa watalii hao ndiko alikojifunza kushika kamera. Siku moja akarudi nyumbani na wenzake kutoka Arusha, akatangaza kwamba anatengeneza sinema ya harusi na wizi, na sisi sote tutakuwemo. Kijiji kilichanganyikiwa, mwanangu. Palizi ya maharage ililala. Mimi nilijishonea gauni jipya la zambarau, na mama yangu akapaka chokaa ukuta wa mbele, eti nyumba isije ikatuaibisha.

Lakini aliyehitajika hasa alikuwa babu yangu, Mzee Tluway. Yeye ndiye aliyekuwa akitoa slufay, yale maombi yetu sisi Wairaqw ya kubariki. Mzee hunena mstari, watu wote huitikia kwa pamoja, kisha mstari mwingine, mpaka ameombea kila kitu: mvua, ng'ombe, wajawazito, watoto. Ukiwa umeketi pale hukai kimya, kuitikia ni wajibu wako. Na babu alitulea tukijua kwamba baraka ikianza haiachwi njiani, hata mvua ikunyeshee. Basi Elibariki alimwomba abariki ile harusi ya kwenye sinema. Babu magoti yalikuwa yamemchoka, lakini alisimama juani akaitoa yote, neno kwa neno, nasi tukaitikia mpaka sauti zikakauka. Tangu siku ile akawa anauliza kila mara kama sinema imeiva. Alitaka ajione akibariki kabla hajafa, na alilisema hivyo hivyo bila kuficha.

Ikaiva. Elibariki aliazima televisheni na jenereta, akaviweka kwenye ghala la mahindi, maana lilikuwa tupu kabla ya mavuno. Madirisha tukayaziba kwa magunia ili kuwe na giza. Watu walijaa, wengine wamekaa juu ya vumbi na nguo zao za kanisani. Babu akawekewa kiti mbele kabisa. Alikuwa amevaa koti lake la sikukuu na amenyoa ndevu.

Sinema ikaanza. Weee. Kila uso tunaoufahamu ukijitokeza, vicheko. Ng'ombe wa jirani alionekana uso mzima, akicheua kwa raha zake, na mimi na gauni langu nilionekana kiwiko. Kiwiko tu, mwanangu. Nikasema moyoni, ngoja ngoja, huenda nipo mbele.

Kisha akaja babu. Alisimama kwenye kioo, na fimbo yake, na mlima nyuma yake, akanena mstari wa kwanza. Na ghala zima, bila mtu kuambizana, likaitikia. Tuliijibu televisheni. Hatukucheka, maana kwetu ilikuwa ni baraka, na baraka huitikiwa. Akanena wa pili, tukaitikia kwa nguvu zaidi, hata nje waliokosa nafasi wakaitikia. Nilimwona babu kwenye kiti akitikisa kichwa polepole, anafurahi kama bwana harusi. Akaanza wa tatu, ule wa kuombea watoto.

Hakuufikisha mwisho. Ghafla pakatokea gari linakimbia kwenye lami, na ngoma za disko zinapigwa. Babu hayupo tena. Sisi tumekaa vinywa wazi na itikio letu limekwama kooni.

Halafu mama mmoja mjamzito akauliza kwa sauti ndogo, "Watoto je? Hajaombea watoto." Hapo ndipo ghala lilipochafuka. Wanaume wakasimama. Bibi mmoja akamwambia Elibariki kwamba haraka haraka haina baraka, na kwamba yeye amelithibitisha mbele ya mashahidi. Wengine wakapiga kelele kwamba asikanyage tena Rhotia na kamera yake. Mimi ndiye niliyesikika kuliko wote. Nilimwambia, "Umemkata mzee wetu kauli ili utuonyeshe gari? Magari hatuyaoni kila siku barabarani?" Nikaenda kwenye ile televisheni nikachomoa waya.

Giza. Elibariki alikuwa amesimama karibu na mlango, na niliposogea nilimsikia anavuta pumzi kwa shida. Najua sasa alichokuwa akikiogopa. Kama kijiji chako kikikufukuza, mwanangu, hata ukisifiwa Arusha na Dar, utakuwa unasifiwa na wageni.

Kisha sauti ya babu ikatoka kule mbele, imetulia kabisa. "Nani amezima?"

"Mimi, babu. Marselina."

"Haya. Toeni hayo magunia madirishani basi, nionekane."

Tukayatoa. Mwanga ukaingia na vumbi lake. Babu akainuka, akajikongoja mpaka mbele ya ile televisheni, akatugeukia, akaushika ule mstari wa tatu pale pale ulipokatwa. Hakuanza upya. Aliuendeleza kana kwamba alikuwa amesimama tu kukohoa. Tukaitikia, mwanangu, jinsi tulivyoitikia sijui nikuelezeje, mabati ya ghala yalitetemeka. Akaombea watoto, na yule mama mjamzito akaanza kulia huku anacheka. Akaombea mahindi. Akaombea ng'ombe, na hapo akaongeza kwa utundu, "hata yule aliyependeza leo kuliko Marselina," na watu wakaniangukia kwa kicheko mpaka nami nikashindwa kukaza uso.

Halafu akamwita Elibariki, akamsimamisha kando yake. Akawashika mkono wale waliokuwa wamemfokea, mmoja mmoja, akawasogeza. "Mtoto akinyea kiganja, kiganja hakikatwi," akasema. "Kinaoshwa." Akaombea macho ya kijana yule yaone mbali, na mkono wake usiwe na pupa. Elibariki aliitikia na machozi yanamtoka, na sauti yake ilikuwa juu kuliko zetu zote. Babu alipomaliza, alimaliza kweli, mpaka neno la mwisho.

Akarudi kwenye kiti chake, akajifunga koti. "Haya, washa tuendelee. Nataka kujua lile gari lilifika wapi."

Tukaitazama mpaka mwisho. Nisikudanganye, ilikuwa mbaya. Bibi harusi alitoroka na mwizi, na mwizi mwenyewe hakukamatwa. Lakini sijawahi kufurahi vile kwenye sinema. Tulimzomea mwizi, tukamshauri bwana harusi, na njia nzima ya kurudi nyumbani tulikuwa tunabishana.

Njiani nilimshika babu mkono, nikamwambia bado sijamsamehe yule kijana. Babu akasimama. Hakunifokea, na ingekuwa afadhali angenifokea. Akasema, "Mjukuu wangu, hasira yako nimeipenda, ilikuwa ya kunitetea. Lakini yeye alinikata kauli mimi, nawe ukamkata yeye. Sasa niambie, mmetofautiana nini?" Kisha akanivuta mkono, tukaendelea kutembea. Jambo hilo lilinikaa moyoni kuliko mahubiri yote ya siku ile.

Elibariki hakuhama. Alitengeneza sinema ya pili, nayo ikawa mbaya, tukamwambia tena, na babu alikuwa tena amekaa mbele kabisa. Ya tatu ndiyo iliyotuliza watu tuli, hata wakasahau kupiga makofi. Angefukuzwa ile Jumapili, hiyo ya tatu tusingeiona.

Basi sikiliza, mwanangu. Kitu kikikuudhi, udhika. Usijifanye umefurahi, huo ni unafiki, na aliyekitunga hatajifunza kwa sifa za uongo. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Lakini hasira yako imalize kwa maneno unayoweza kumwambia mtu usoni, ukiwa umeketi naye. Yule binti unayemtukana ana mama yake, na huenda anakusoma leo anavuta pumzi kwa shida. Mwandikie palipokuuma, useme kwa nini pamekuuma, kisha umwombe atunge nyingine. Na ukiona jema limekatwa katikati mbele yako, usikazane kumtafuta aliyelikata. Simama, lishike pale lilipofikia, ulimalize wewe.

Lete hiyo simu, ufute uliyoandika nikiona. Eeh, hivyo hivyo. Sasa andika upya. Mungu akupe kazi unayoipenda, akupe na watu wa kukuambia ukweli bila kukufukuza. Na siku utakapoharibu wewe, maana utaharibu tu, asikose mzee mmoja mbele kabisa wa kusema, washa tuendelee.