Kazi ya Kukaa Mbele

Niliingia timu ya baiskeli ya chuo kwa kiburi. Tangu nikiwa shule ya msingi nilikuwa nikipeleka maziwa ya mama kutoka Kiamunyi hadi mjini, mitungi miwili nyuma ya baiskeli nzito ya chuma, na nilikuwa na hakika kwamba Nakuru nzima hakuna mwanafunzi wa kunifundisha kukanyaga pedali. Nahodha wetu, wa mwaka wa tatu, mwembamba kama ufito, aliponipa baiskeli ya mashindano niliinyanyua kwa mkono mmoja, nikamwonea huruma. Kitu chepesi namna hiyo niliona ni cha kuchezea.

Jumamosi ya kwanza tulitoka watu tisa kuelekea Gilgil. Nilishika uongozi mara moja. Kila nikigeuka nawaona palepale nyuma yangu, gurudumu kwa gurudumu, na hakuna anayethubutu kunipita.

"Boss, uko na nguvu mbaya," nahodha akaniambia. "Endelea hivyo hivyo."

Nikaendelea. Tulipopita Mbaruk miguu ilianza kutetemeka, na wote wanane wakanipita wakiongea habari za mpira. Niliwakuta Gilgil wamemaliza chai.

"Ulikuwa unatukatia upepo," nahodha akanieleza. "Mwenye kukaa nyuma hatumii nguvu nyingi. Ndiyo maana tunafaa kupokezana."

"Kwa hivyo mtu anakaa nyuma ya mwenzake akipumzika?"

"Ndiyo."

"Na haoni aibu?"

Walicheka wote, lakini nilikuwa nauliza kwa dhati. Nyumbani kwetu, mama akishika jembe na wewe umeketi, hasemi neno. Anakuangalia tu, na unajikuta umesimama. Sasa kila nilipojificha nyuma ya mgongo wa mtu na kumsikia akihema, nilimwona mama akiniangalia, na kabla sijajua nimetoka kwenda mbele kumsaidia. Walinikanya mwezi mzima. Walinifundisha kuhesabu hadi mia moja kabla ya kutoka. Sikuwahi kufika arobaini.

Mashindano ya vyuo yalikuwa Naivasha, na kila timu ilitakiwa kupeleka watu watano. Mimi nilikuwa nimemwambia mama kwamba niko kwenye timu, naye hakungoja maelezo zaidi. Alitangaza kanisani. Kikundi cha akina mama kilikuwa kimeshakodi gari la kuja kuniona. Kama ningekosa nafasi, aibu ingekuwa yake kabla haijawa yangu, na hilo lilininyima usingizi.

Orodha ilipotoka, jina langu lilikuwa la tano. Nilikimbia kumshukuru nahodha.

"Usinishukuru," akasema. "Kukaa nyuma imekushinda, tumejaribu. Basi kaa mbele. Univute mpaka uishe, halafu ujipange na maisha yako."

"Nitamaliza wa ngapi?"

"Wa mwisho, nadhani. Lakini utakuwa umeingia."

Nilikubali. Ningependa kusema nilikubali kwa ajili ya timu, lakini ilikuwa kwa ajili ya lile gari la akina mama.

Njia ilikuwa kando ya ziwa, kwenda na kurudi mara mbili, mwisho ukiwa Kamere. Wakati wa kurudi upepo ulikuwa ukitupiga usoni. Raundi ya kwanza nilipita pale wa kwanza kabisa, nahodha akiwa nyuma yangu, na akina mama waliokuwa wakingoja pale wakapiga vigelegele mpaka wavuvi wakatoka kutazama. Nilifurahi mno, nikasahau mapatano yenyewe. Kwenye raundi ya pili niliisha kama mshumaa, nikasogea pembeni, na wote wakanipita.

Nilipofika mwisho barabara ilikuwa imeshafunguliwa kwa magari. Mkokoteni wa punda ulikuwa mbele yangu na haukuwa na haraka. Akina mama walikuwa wakielekea kwenye gari lao. Mama alinijia na chupa ya maji, uso umemsawajika, na niliona aibu kuliko nilivyowahi kuona maishani.

"Si ulikuwa wa kwanza? Ulianguka?"

Kabla sijajibu, nahodha alifika, amevaa medali ya mshindi wa tatu shingoni.

"Mathe, hajaanguka. Alikuwa ananikatia upepo. Nimekaa nyuma yake karibu njia yote."

Mama akamgeukia na kumwangalia kwa yale macho yake.

"Ukipumzika?"

"Nikipumzika, mathe."

Nilimwona nahodha akisimama wima bila kuambiwa. Mama akaniangalia miguu iliyokuwa bado inatetemeka, akanifuta chumvi ya jasho usoni kwa kiganja. Kisha akawaita wenzake kwa sauti ya mtu anayetoa ushuhuda.

"Mnamwona huyu wa medali? Ameletwa na wangu."